Duka Lililofungwa Mara 807: Kisa cha Woolworths ya Uingereza

Siku chache baada ya Krismasi ya 2008 niliingia Woolworths ya mji wetu, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, kuaga. Kilichokuwa kimebaki dukani ni duka lenyewe: rafu zimebandikwa bei, vikapu vimebandikwa bei, hata ngazi ya stoo na kabati la wafanyakazi la kutundikia makoti vilikuwa vinauzwa. Mzee mmoja alisimama mbele ya masanduku matupu ya pipi akamwambia mama wa kaunta kwamba santuri yake ya kwanza aliinunua palepale, enzi za ujana wake. Yule mama akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani tangu asubuhi alikuwa ameshasikia maneno ya namna hiyo mara nyingi, na kazi yake ilikuwa imebakiza siku za kuhesabu.

Ninakirudia kisa hiki kwa sababu kila ninapokaa na Waingereza wa rika langu wakaanza kukumbuka mitaa yao ya zamani ya madukani, ile wanayoiita High Street, mazungumzo huishia Woolworths. Watamtaja muuza nyama aliyejua kila nyumba inapika nini Jumapili, mwoka mikate, duka la vifaa lililouza misumari kwa kuipima kwenye mizani, na ile siku moja ya katikati ya wiki ambayo maduka yote ya mji yalifungwa mchana. Lakini sauti hubadilika wanapofika Woolworths, au Woolies kama walivyoizoea. Hilo limenishangaza kwa miaka mingi. Muuza nyama alikuwa mwenyeji, na mwoka mikate vilevile. Woolworths haikuwa ya mwenyeji yeyote wa mji wowote wa Uingereza, tangu siku ilipofungua mlango.

Niliondoe kwanza suala la jina. Woolworths ya Afrika Kusini, ambayo wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wameiona kwenye majengo yao ya maduka, ni kampuni nyingine kabisa yenye jina hilohilo. Ile ya Australia vilevile. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya Uingereza, na hiyo ilikufa.

Sumuni mkononi

Frank Winfield Woolworth alikuwa Mmarekani aliyetajirika kwao kwa maduka ya senti tano na senti kumi. Tarehe 5 Novemba 1909 alifungua duka lake la kwanza la Uingereza, mtaa wa Church Street, Liverpool. Sheria ya duka ilikuwa fupi: hakuna kitu kinachozidi pensi sita. Pensi sita ni nusu shilingi. Wazee wetu waliotumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa sawa kwa thamani na shilingi ya Uingereza, wangeitambua mara moja kuwa ni sumuni.

Hebu tulitazame duka hilo kwa macho ya mtoto wa wakati ule. Katika maduka mengi bidhaa zilikaa nyuma ya muuzaji, naye ndiye aliyekuuliza unataka nini, na kama hukujua la kujibu ulijiona umeingia pasipo pako. Woolworths ilimwaga kila kitu juu ya kaunta, mbele yako: vikombe, nyuzi, penseli, vioo vya mkononi, mbegu za maua, wanasesere. Ukishika hukaripiwi. Na mtoto mwenye sumuni moja mkononi alijua kwamba hakuna kitu ndani ya jengo lile kilichomzidi uwezo. Watu husema wanaikumbuka harufu ya pipi na sakafu ya mbao, nami nawaamini. Ila nahisi kinachokumbukwa hasa ni ile hali ya kuingia mahali na kuwa mnunuzi kamili, sawa na mke wa daktari, ukiwa na miaka saba.

Ujanja ulikuwepo, sikatai. Sufuria iliuzwa sumuni, na mfuniko wake ukauzwa sumuni nyingine. Bei ile ilishikiliwa kwa namna hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka gharama za Vita Kuu ya Pili zilipoivunja.

Vita hivyo vilifanya kingine pia. Jumamosi ya tarehe 25 Novemba 1944, mchana, watu walipokuwa wamejaa Woolworths ya New Cross, kusini-mashariki mwa London, kombora la V-2 la Wajerumani liliangukia jengo. Watu 168 walikufa. Wengi walikuwa wanawake na watoto waliotoka tu kufanya manunuzi ya Jumamosi. Nataja hili kwa sababu wanaokebehi watu kulilia duka husahau kwamba mahali kama hapo palibeba pia misiba ya mji. Palikuwa ndipo watu walipo, kama soko lilivyo kwetu, na bomu likitua sokoni linaua mji.

Kufikia 1958 kampuni ilikuwa imefungua duka lake la elfu moja, Portslade, pwani ya Sussex. Miaka sita baadaye, mwaka 1964, Bunge lilipunguza sana uwezo wa viwanda kumpangia mwenye duka bei ya rejareja, na hapo minyororo ya maduka makubwa ikaanza kushusha bei kwa namna ambayo duka la pembeni halikuiweza. Maduka mengi ya wenyeji, yale ya muuza nyama na mwoka mikate, yalianza kupungua kabla Woolworths haijatetereka. Mgeni alibaki mtaani baada ya wenyeji wengi kuondoka, na kizazi kilichozaliwa baadaye kikamjua yeye kama ndiye mwenyeji.

Kuuza nyumba na kubaki mpangaji

Mwaka 1982 kundi la wawekezaji wa Uingereza, lililokuja kuitwa Kingfisher, liliinunua Woolworths ya Uingereza kutoka kwa Wamarekani kwa pauni milioni 310. Walipata maduka, na walipata B&Q, mnyororo wa vifaa vya ujenzi ambao Woolworths ilikuwa imeununua mwaka 1980. Lakini jambo ambalo mteja wa pipi hakuwa na sababu ya kulifikiria ni kwamba walipata pia majengo. Kwa miongo mingi Woolworths ilikuwa imejinunulia viwanja vizuri katikati ya miji, na katika maduka yake mengi haikumlipa mtu pango.

Majengo makubwa ya mijini yakaanza kuuzwa. Mwaka 1984 maduka ya Jamhuri ya Ireland yakafungwa yote. Kisha likaja tendo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Mwaka 2001 Kingfisher iliamua kujitenga na Woolworths na kuiacha ijitegemee kwenye soko la hisa. Kabla ya kuiachia iliuza majengo 182 ya maduka kwa pauni milioni 614, na Woolworths ikaendelea kufanya biashara mlemle kama mpangaji. Fedha za mauzo zilibaki kwa Kingfisher. Deni la pango likabaki kwa Woolworths.

Anayejua biashara ya duka la kupanga, iwe Kariakoo au River Road, hahitaji maelezo marefu. Mwenye duka lake katika jengo lake anaweza kuvumilia mwaka mbaya. Atapunguza mzigo, atakula kidogo, atangoja. Mpangaji hana pa kungojea. Na mikataba ya pango ya biashara nchini Uingereza kwa desturi ilikuwa na kifungu kigumu: pango hutazamwa upya kila baada ya miaka mitano, na likitazamwa linaweza kupanda au kubaki palepale. Kushuka haliwezi. Mtaa ukipoteza wateja, pango halina habari.

Kufikia miaka ya 2000 kila kitu kilichouzwa Woolworths kilikuwa na mtu mwingine anayekiuza kwa nguvu zaidi. Muziki na filamu vilikuwa Tesco na kwenye intaneti, vitu vya watoto kuchezea vilikuwa Argos, balbu na birika vilikuwa Wilkinson. Wengi tuliingia kwa ajili ya mfuko mmoja wa pipi za kujichotea, zile unazochanganya mwenyewe kwa kijiko kisha zikapimwa kwenye mizani, tukatoka. Maelezo ya kawaida ya kifo cha Woolworths huishia hapo: dunia ilibadilika, watu wakahama. Ni kweli, ila ni nusu. Duka linaloingiza faida ndogo katika jengo lake lina miaka mingi ya kutafuta njia. Duka lenye faida ileile katika jengo la kupanga linahesabu siku.

Mali kauli

Kilichoiangusha hasa, Novemba 2008, kilikuwa mkopo wa bidhaa. Kila mfanyabiashara wa kwetu anaijua mali kauli: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unauuza, unalipa baadaye. Minyororo mikubwa ya Ulaya nayo inaishi kwa mali kauli, tofauti ni kwamba neno lao hulindwa na kampuni za bima. Mwenye kiwanda hukata bima ili mwenye duka akianguka kabla ya kulipa, yeye asiangamie. Mwaka 2008, mabenki yakitikisika dunia nzima, kampuni hizo za bima ziliitazama Woolworths zikaondoa kinga. Viwanda vikataka fedha taslimu kabla mzigo haujapakiwa.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko wote. Duka linalotegemea watoto hujaza stoo kati ya Septemba na Novemba kwa ajili ya Krismasi, na huo ndio msimu fedha inapotoka kwa wingi kabla haijarudi. Aliyeshuhudia rafu za Nakumatt, mnyororo wa maduka makubwa wa Kenya, zikibaki tupu mwaka 2017 anaijua picha hii: mteja anaona rafu, haoni barua za madai zilizoitangulia.

Novemba palikuwa na mpango wa kuuza maduka yote, pamoja na sehemu ya madeni yake, kwa pauni 1. Pauni moja. Mpango ukavunjika. Tarehe 26 Novemba maduka yakawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi kutoka kampuni ya uhasibu ya Deloitte, deni la kundi likiwa pauni milioni 385. Pamoja na maduka ikaanguka pia kampuni yake tanzu ya kusambaza muziki na filamu kwa wauzaji wengine. Zavvi, mnyororo wa maduka ya muziki uliotegemea mzigo huo, ukaanguka mkesha wa Krismasi.

Maduka 807 yalifungwa kwa zamu kati ya tarehe 27 Desemba na tarehe 6 Januari 2009. Watu wapatao 27,000 walipoteza kazi. Kampuni ilikuwa imebakiza miezi kumi kutimiza miaka mia moja Uingereza.

Dorchester

Hapa inabidi nitue, kwa sababu hili ndilo swali lililonirudisha kwenye kisa. Kati ya maduka 807, je, hapakuwa na hata moja lililokuwa linajimudu?

Yalikuwepo. Hesabu za mnyororo hazifungwi duka kwa duka. Zinafungwa makao makuu, na deni likianguka linaangukia wote. Duka la mji mdogo lenye wateja waaminifu lilizimwa pamoja na lile la mji mkubwa lililokuwa likila hasara, kwa sababu yote yaliagiza mzigo kupitia mfuko mmoja. Wateja wa mji huo hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa wanaingia, wananunua. Jengo, jina, mzigo na uamuzi vyote vilikuwa mahali pengine.

Katika mji wa Dorchester, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliyekuwa meneja wa Woolworths hakukubali. Aliwakusanya wafanyakazi wake wa zamani, na Machi 2009, miezi michache tu baada ya mlango kufungwa, wakafungua duka katika jengo lilelile, wakauza vitu vya aina ileile, pipi za kujichotea zikiwemo. Waliliita Wellworths, na baadaye Wellchester. Watu walipanga foleni siku ya kwanza. Kwa mara ya kwanza mji ule ulikuwa na duka la namna hiyo ambalo kweli lilikuwa la mji.

Lilidumu mpaka 2012. Wapo wanaolitumia kama ushahidi kwamba ndoto ile haikuwezekana. Mimi nasoma tofauti. Duka moja, bila nguvu ya kununua ya maduka mia nane, lilianzishwa ndani ya mdororo mbaya wa uchumi na likalipa mishahara kwa takriban miaka mitatu. Waliolianzisha hawakuwa wawekezaji. Walikuwa watu wa kaunta na stoo. Ningependa kuishi katika nchi ambayo mkopo wa benki huwafikia watu kama hao kabla haujamfikia anayekuja na pauni 1.

Kwingineko majengo yaligawanywa. Wenye minyororo mingine ya maduka, Poundland, Iceland, B&M na 99p Stores walichukua mengi, na mengine yalikaa miaka vioo vikiwa vimepakwa chokaa. Jina lenyewe, pamoja na lile la nguo za watoto la Ladybird, lilinunuliwa na kampuni ya kuuza kwa intaneti. Na mfuko wa mwisho wa pipi za kujichotea uliuzwa kwa mnada kwenye eBay, kwa ajili ya hisani, kwa pauni 14,500.

Mahakamani waliitwa duka kwa duka

Sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi 20 au zaidi katika kituo kimoja cha kazi, ndani ya siku 90, akae kwanza na wawakilishi wao. Chama cha wafanyakazi wa maduka, USDAW, kilidai kwamba Woolworths ilifungwa bila mazungumzo ya maana. Januari 2012 mahakama ya kazi ilikubali, na wafanyakazi wapatao 24,000 wakapewa fidia ya jumla ya pauni milioni 67.8. Kwa kuwa kampuni haikuwa na kitu, mzigo wa malipo ukaangukia mfuko wa serikali.

Wafanyakazi zaidi ya 3,000 waliachwa nje. Kosa lao lilikuwa kwamba duka lao lilikuwa na watu chini ya 20. Kwa tafsiri ya mahakama, kila duka lilikuwa kituo cha kazi peke yake, na duka lenye watu 19 halikufikia kiwango. Chama kikakata rufaa, na mwaka 2013 kikashinda: mahakama ya rufaa ya masuala ya ajira ikasema watu wahesabiwe kwa kampuni nzima. Serikali ikalipeleka shauri mbele, likafika Luxembourg, na tarehe 30 Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kwamba sheria ya Ulaya hailazimishi kuwajumlisha wafanyakazi wa maduka yote, na kwamba duka moja linaweza kuhesabiwa kuwa kituo kamili. Wale wa maduka madogo hawakupata kitu.

Nimeisoma hukumu ile mara kadhaa. Wanasheria watasema imefuata maneno ya sheria, nami sina ubishi na Kiingereza chake. Lakini iweke kando ya yaliyotokea. Duka la watu 15 lilipokuwa linajimudu, halikuruhusiwa kuishi peke yake, kwa sababu lilikuwa sehemu ya kampuni moja. Watu wake 15 walipodai haki yao, waliambiwa duka lao ni kitu cha peke yake, halihusiani na yale mengine 806. Walikufa kwa jumla, wakahesabiwa kwa rejareja.

Na maduka hayo madogo yalikuwa wapi? Kwa sehemu kubwa hayakuwa kwenye mitaa mikuu ya London au Manchester, ambako Woolworths moja ilijaza watu ghorofa mbili. Yalikuwa kwenye vile vimji ambavyo barabara ya madukani ni moja tu, yenye posta, benki, duka la dawa na Woolworths. Ndimo wanamotoka wengi wa wanaonisimulia kumbukumbu zao kwa sauti ile inayobadilika.

Kwa hiyo siku hizi, wakimaliza kunihadithia pipi na santuri na sare ya kwanza ya shule, huwa nawauliza duka lenu lilikuwa na wafanyakazi wangapi. Hawakulitarajia swali. Huanza kuwahesabu kwa vidole: wa pipi, wa santuri, wawili wa keshia, meneja, msaidizi wake, kijana wa stoo, yule mama wa Jumamosi aliyekuwa jirani. Wengi huwakumbuka kwa majina. Mara nyingi hesabu haifiki ishirini.